Kabla ya Filimbi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa filimbi, mfuko wa chokaa na onyo. Msimamizi wa Uchaguzi wa Divisheni, mzee mrefu asiyevua tai hata jua liwake namna gani, alinitazama juu hadi chini akasema, "Madamu Akello, hapa huhesabu sura ya mtu. Unahesabu miguu." Nikaitikia, "Ndiyo, mkubwa," ingawa sikuelewa hata kidogo.

Ninyi vijana mmezoea karatasi na sanduku. Lakini mwenyekiti wa mtaa, ambaye Waganda humwita ssentebe, huchaguliwa kwa mistari. Wagombea husimama wakitazama mbele, na kila anayemtaka mmoja wao hupanga mstari nyuma yake, juu ya alama ya chokaa. Msimamizi wa kituo akishapuliza filimbi, hakuna kuhama tena. Hupita akigusa kila bega na kutaja namba kwa sauti, na aliyehesabiwa huchuchumaa ili asihesabiwe mara mbili.

Kituo changu cha kwanza, Wandegeya, nilikivuruga. Mstari mmoja ulipita karibu na meza ya chapati za mayai, nami nikahesabu hadi wanafunzi waliokuwa wakingoja chakula chao. Wakala wa mgombea aliyefaidika, yaani mtu aliyewekwa kumlindia kura, alinyamaza kimya akifurahia. Wa upande wa pili ndiye aliyepiga kelele: "Madamu, huyo nangoja chapati, si ssentebe!" Nikaanza upya huku uwanja mzima ukinicheka. Tangu hapo, kabla sijachora chokaa, niliwahamisha kwanza wauza chakula.

Chaguzi zenyewe ziliahirishwa mara kwa mara, kwa hiyo miaka mingi kazi yangu ilikuwa daftari la wakazi na chaguzi za mabaraza ya wanawake. Nilihamishwa hapa na pale, na mwishowe nikapelekwa Kawempe. Mimi ni mtoto wa polisi kutoka kaskazini, niliyelelewa kambini kwa Kiswahili, na Kiganda changu ni cha kuungaunga. Watu wa Kawempe walinihurumia, wakanijibu kwa Kiswahili chao.

Mwenyekiti wa mtaa ule alikuwa wa chama tawala na alikuwa amekikalia kiti kile tangu nikiwa msichana. Nguvu yake ilikuwa muhuri. Bila barua yenye muhuri wa ssentebe hupati kitambulisho, huuzi kiwanja, na hata kusafirisha maiti ni shida. Binti wa muuza mkaa aitwaye Nalongo alinyimwa barua ya kitambulisho kwa sababu mama yake alimkosoa mzee huyo kikaoni. Mara tatu mwenyekiti alimrudisha msichana yule nyumbani akilia. Sasa Nalongo alikuwa anagombea dhidi yake, na mgombea wa tatu alikuwa Mwalimu Kato, aliyegombana na Nalongo kuhusu mtaro wa nyumba ya mwalimu uliokuwa ukimwaga maji ya mvua kwenye mkaa wa mama huyo.

Mchana wa uchaguzi mzee alinisogelea akitabasamu. "Huyu Nalongo, mimi ndio naambia watu yangu wamsukume agombee," akaninong'oneza. "Anakata kura ya mwalimu. Mimi napita katikati."

Na kweli mistari ilijipanga alivyotaka. Wake ulikuwa mrefu, wa mwalimu ukaufuata kwa karibu, wa Nalongo ukabaki mfupi. Nikainua filimbi. Mzee, aliyetaka ushindi wa kishindo, akainua mkono. "Madamu, ngoja dakika kumi. Watu yangu iko kwa balabala, lori inawaleta."

Kanuni iliniruhusu kungoja, mradi mwombaji atie sahihi. Akatia.

Nalongo akageuka, akaiangalia mistari yote mitatu, kisha akanijia. "Madamu, kama filimbi bado, mtu nawezahama?"

"Kabla ya filimbi, miguu ni ya mwenyewe."

Akanikazia macho. "Na wewe ungehama? Ungeenda kwa mtu hupendi?"

"Mimi niko kazini, Nalongo."

Akarudi mahali pake, akachukua kigoda chake cha plastiki, akaenda kusimama mkiani mwa mstari wa mwalimu. Watu wake waliduwaa. Bibi mmoja akacheka kwa nguvu, akamfuata. Kisha wakahama wote kwa pamoja, hata mzee asingeweza kukumbuka sura ya huyu wala ya yule ili amnyime muhuri baadaye.

"Hiyo ni wizi!" mzee akafoka, akampigia simu mkubwa wangu, na mkubwa wangu akanipigia mimi. Msimamizi wa Divisheni wa wakati huo alikuwa mdogo kwangu kwa umri.

"Madamu, warudishe mistarini."

"Mkubwa, filimbi bado."

"Kukitokea fujo, jina litakaloandikwa ni lako."

Niliogopa, sitawadanganya. Lakini kazi yangu niliijua. "Mkubwa, dakika hizi kumi aliziomba yeye mwenyewe. Sahihi yake ninayo hapa."

"Basi hesabu. Na uhesabu mara mbili."

Nikapuliza. Lori lilifika nikiwa katikati ya mstari wa kwanza, likawa limechelewa. Nilihesabu mara mbili, na mara zote mbili mwalimu alishinda. Binti wa Nalongo alipata barua yake wiki ileile. Mtaro haujahamishwa hadi leo.

Muda si muda nikahamishiwa ofisi ya Kansanga, kutunza madaftari hadi kustaafu. Hakuna aliyesema ni adhabu, nami sikuuliza. Ningeulizwa leo, ningepuliza filimbi ileile.

Nilichogundua baada ya kustaafu ni kwamba sikuwahi kusimama mstarini hata siku moja, maana siku za uchaguzi nilikuwa kazini daima. Uchaguzi uliofuata ulinikuta Kansanga, raia wa kawaida. Jirani yangu Mama Atim, muuguzi mstaafu na mtu safi kuliko wote, aligombea, nikasimama nyuma yake kwa fahari. Nikageuza shingo. Mstari wa mwenyekiti wa chama tawala, naye bingwa wa kuficha muhuri, ulikuwa mrefu. Uliofuata ulikuwa wa mwenye baa ambayo muziki wake hutikisa madirisha yangu. Sisi wa Mama Atim tulikuwa wachache.

Msimamizi, msichana mwenye sura ya ukali, akaipeleka filimbi mdomoni.

Nikamgusa Mama Atim bega. "Dada, nisamehe."

Hakugeuka. "Nenda upesi," akasema, na sauti yake ilinichoma.

Hatua zile hadi mkiani mwa mstari wa mwenye baa zilikuwa chache, na hakuna kazi iliyowahi kunielemea kama hizo. Nyuma yangu nikasikia viatu vingine vikifuata. Filimbi ikalia, mkono ukanigusa bega, nikachuchumaa kwa magoti yangu ya kizee. Ndiyo, Nalongo. Ningehama.

Mwenye baa alishinda. Muziki haujapungua hata kidogo. Lakini juzi nilikwenda kuomba barua, akagonga muhuri papo hapo, na hakuniuliza nilikuwa nimesimama wapi.