Rivolva Kubwa na Finjani ya Kahawa

Juzi nilimsindikiza jirani yangu kwenye duka la silaha hapa Nizwa. Kibali anacho, na mwezi ujao anaingia mashindano ya kulenga shabaha. Mwenye duka, mzee mzaliwa wa Unguja, alituwekea mezani rivolva mbili zisizo na risasi, kubwa na ndogo. Ile ndogo jirani hakuitazama hata.

"Shikamoo mzee. Nipe hii ya risasi nene. Mimi si mtu wa kijibastola."

"Marahaba. Hebu ishike, unyooshe mkono kama unalenga. Usiushushe mpaka nikwambie."

Jirani akanyoosha mkono, kifua mbele. Mzee akaenda nyuma kuchukua dele la kahawa, taratibu, kama mtu asiyesubiriwa. Aliporudi, jirani alikuwa anatabasamu kwa meno tu.

"Haya, iweke. Unywe kahawa."

Jirani akanywa funda moja, akamnyooshea mzee finjani aongezwe. Mkono ukamtetemeka, finjani ikacheza. Na huku kwetu, mgeni akitikisa finjani, ametosheka. Mzee akaipokea kwa adabu zote.

"Mzee, bado nataka!"

"Mkono umeshasema, mwanangu."

Kisha akaichukua na ile rivolva kubwa, akairudisha kabatini, akafunga kwa ufunguo. "Na hii pia umetosheka."

Tukaondoka na ndogo. Sasa jirani anawaambia watu kwamba kubwa zilikuwa zimekwisha. Mimi naitikia kuwa ndivyo, kwa sababu mwaka jana nilinunua gari lisiloingia kichochoroni kwetu, na yeye alinyamaza.