Mwezi wa darubini

Leo nimesema nimeuona mwezi. Sikuuona.

Mjukuu wangu Salma alinipeleka jioni kwenye jumba la zamani la kutazamia nyota, hapa Washington. Foleni ndefu, darubini moja.

Zamu yangu ikafika, nikaweka jicho.

Doa jeusi, katikati kabisa.

Nikabadilisha jicho. Doa lile lile.

"Babu, umeuona?"

"Nimeuona, mashallah."

Daktari alishaniambia: uvimbe huu wa kichwani ukifika machoni, nijiandae. Salma hajui. Kiswahili anakisikia tu, hakisomi, ndiyo maana naandika hapa kwenye kundi letu.

Ninyi jamaa wa mji jirani wa Adelphi, kila mwaka mnanipigia simu kuuliza kama mwezi wa Ramadhani umeandama. Safari hii msifunge kwa neno langu.

Nani atautazama badala yangu? Anijibu upesi, niwahi kumwonyesha pa kutazama.