Unga Chini ya Mti wa Krismasi

Mzaha ukishaelezwa huwa umekufa. Ule wa mjomba wangu ulifia mbele yangu, na bado unaniuma.

Alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja wa mradi wa karanga, Nachingwea. Mimi nilikuwa yaya wa watoto wake, mwenye mimba ya tatu, mbili za kwanza zikiwa zimeharibika. Kwetu Wamwera mjomba ndiye anayewaombea wajawazito wa ukoo. Humimina unga wa mtama chini ya mti wa msolo, ukasimama kama kichuguu kidogo, akawataja wazee waliokufa. Asubuhi huenda kuutazama. Ukikutwa umesimama, wamekubali, ukibomoka, wamekataa. Lakini msolo wetu uling'olewa na matrekta ya mradi pamoja na pori zima, na hakuna aliyetuuliza.

Basi Krismasi ikaja, memsahibu, mke wa yule Mzungu, akaweka mti sebuleni, akatandaza pamba nyeupe shinani. Mjomba akachungulia, akaninong'oneza, "Wametung'olea wetu, kumbe nao wanatambika." Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Memsahibu naye akataka kucheka. "Nini, mpishi? Sema."

Hakuwa mtu mbaya. Mjomba akamweleza yote: msolo, unga, matrekta, tumbo langu. Kadiri alivyoeleza ndivyo kicheko kilivyotuishia sote. Memsahibu akawa mwekundu, akasema, "Basi weka hapa."

Nilidhani mjomba angekataa. Mti wenyewe ulikuwa umekatwa, umechomekwa kwenye ndoo ya mchanga. Lakini mfa maji hukamata maji. Akaleta unga, akavua kofia, akapiga magoti, akawaomba wazee wetu radhi kwa kuwaita ndani ya nyumba ya watu. Hapo nami nikaogopa.

Asubuhi tuliingia sebuleni pamoja. Sakafu ilikuwa safi. Memsahibu alisimama na ufagio mkononi, kazi ambayo sikuwahi kumwona akiifanya.

"Leo iko wageni," akaniambia. "Wewe iko tumbo, hapana inama. Mimi nafagia yote."

Mjomba akamwuliza kwa upole, "Memsahibu, unga ulikuwa umesimama, au umebomoka?"

Alifikiri kweli, maskini. "Mimi hapana angalia," akasema.

Tukarudi jikoni kupika chakula cha wageni. Mjomba hakutania tena siku ile, nami nilikuwa bado na miezi ya kulibeba tumbo lile bila kujua wazee walisema nini.