Jina Alilolitaka Mama Emiliana

Wagonjwa wa Msalato, nje kidogo ya Dodoma mjini, wanamwogopa kidogo Daktari Zablon Chilongani. Hapendi mtu anayevumilia maumivu. "Shikamoo baba. Unaumwa wapi? Sema! Ukinyamaza hunisaidii." Wengi hudhani ni ukali aliotoka nao jeshini. Nilipomuuliza, alinisimulia, na ninayaandika kwa sababu vijana tumelishwa vya kutosha mashujaa wasiokosea.

Zablon alizaliwa Haneti, mtoto wa wakulima. Alipoingia sekondari Dodoma mjini, mwalimu wake wa hesabu, Imrani, alikuwa akifundisha kriketi jioni kwenye uwanja wa udongo mwekundu. Shule nzima iliwacheka. "Mchezo gani huu mnasimama kunywa chai?"

Huko ndiko alikompata Charles, mtoto wa mkulima wa mpunga kutoka Bahi.

"Nyie wa Haneti mmezoea kukimbiza mbuzi," Charles alimtania. "Mbio za watu hamzijui."

"Na wewe toa kwanza matope miguuni ndipo useme."

Katika kriketi wapigaji wawili husimama kila mmoja upande wake, na alama hupatikana kwa kupishana mbio. Anayeuona mpira huita: "Njoo!" au "Ngoja!" Mwenzake hutii papo hapo. Akigeuka kuhakikisha kwa macho yake, mmoja wao hutolewa. Zablon na Charles walicheza hivyo miaka minne, kisha wakaingia jeshini, mmoja daktari, mwingine askari wa miguu. Wakakutana tena mashariki mwa Kongo, katika kikosi cha kulinda amani.

Asubuhi moja majeruhi wawili waliletwa pamoja kwenye hema la Zablon, na daktari alikuwa peke yake. Mmoja alikuwa kijana wa waasi, mshipa wa paja umekatika, damu inaruka. Wa pili alikuwa Charles, na tundu dogo ubavuni.

"Ngoja," Zablon alimwambia.

"Sawa," Charles alijibu, akalala chali.

Zablon alishona mshipa kwa dakika arobaini. Mara mbili alitupa jicho upande wa pili, akamwona rafiki yake ametulia, akaamini ametulia kweli. Mgonjwa mwingine yeyote angelalamika, na daktari angeenda kumpima. Charles aliambiwa angoje, akangoja. Damu ilikuwa ikimwagikia ndani. Zablon alipomaliza na kumgeukia, alikuwa amekwisha kufa.

Kuanza na mwenye mshipa uliokatika hakukuwa kosa. Daktari yeyote angefanya hivyo. Kosa lilikuwa kuuamini ule ukimya.

Nyumbani Bahi, mama yake Charles, Mama Emiliana, aliambiwa kwamba mwanawe alikufa papo hapo, na neno hilo lilimfariji. Zablon angeweza kuliacha hivyo. Hakuna aliyemuuliza chochote. Lakini aliporudi nchini alikwenda, akashuka kwenye bodaboda pale njia ilipozama kwenye maji ya mashamba, akamkuta mama huyo akipandikiza mpunga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Zablon. Umekonda."

Akamweleza yote, amesimama majini. Mama Emiliana hakulia.

"Kwa hiyo ulikuwa karibu naye."

"Hatua sita, mama."

"Na huyo uliyemshona, alipona?"

"Alipona."

"Anaitwa nani?"

"Sijui, mama."

Hapo ndipo alipokasirika. "Hujui? Mwanangu amekufa akimngoja mtu, na mtu mwenyewe hana jina? Ondoka shambani kwangu. Usirudi mpaka ulijue."

Ilimchukua miezi saba. Aliandika barua zisizojibiwa, akapiga simu, mpaka Habibu, muuguzi aliyebaki kule, alipozunguka mitaa ya mji uliokuwa karibu na kambi yao na kumkuta kijana mwenye kovu pajani akitengeneza pikipiki. Anaitwa Faustin Kambale.

Zablon alilipeleka jina Bahi siku hiyohiyo alipolipata. Mama Emiliana alifunga kitenge, wakaenda parokiani, ambako waumini huandikisha nia za misa, majina ya watu wanaotaka waombewe. Katekista, mwalimu wa dini wa parokia, akafungua daftari.

"Andika Charles, marehemu," mama alisema. "Na Faustin Kambale, mzima."

"Ndugu yenu?"

"Andika tu, mwalimu. Huwezi kumwombea mtu usiyemjua jina; hata kumchukia huwezi."

Zablon alikuwa mlangoni. "Na mimi, mama?"

Mama Emiliana alimgeukia. "Wewe bado. Siku nikiweza, nitakuandikisha mwenyewe."

Sisi tunataka msamaha utoke haraka, kwa hotuba na makofi. Mama yule hakudanganya, na daktari hakumsihi. Miaka minne sasa, kila tarehe ile ya kifo, Zablon, ambaye ni Mwanglikana, huvaa shati safi na kwenda kukaa benchi la nyuma katika misa ya Wakatoliki wa Bahi. Padri husoma majina. Husoma la Charles, husoma la Faustin. La daktari hajalisoma. Misa ikiisha, Zablon humwamkia mama, humuuliza hali ya mpunga, kisha hurudi kwa wagonjwa wake.