Jina la Kizungu la Babu Yangu

Babu yangu alilima mtama na kuchunga mbuzi maisha yake yote, na alikuwa na jina la ukoo la Waingereza. Silitaji hapa, wenyewe wapo hai na mimi sitaki kesi. Kwetu halikumshangaza mtu. Siku aliyozaliwa, mzungu mpima ardhi alikwama kwa mvua akalala nyumbani kwao, na desturi yetu ni kumpa mtoto jina la kilichofika siku ile. Wako walioitwa kwa nzige, wako walioitwa kwa njaa. Babu aliitwa kwa mgeni. Basi, yakaisha.

Mimi nikalibeba mwishoni, baada ya jina langu na la baba, nikaenda nalo Minnesota kusoma. Wamarekani walipoliona limekaa mwisho wakaamua hilo ndilo langu hasa. Nilipopata kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja kule Bloomington, karibu na uwanja wa ndege, wakanibandika babu kifuani.

Asubuhi moja mzee wa kizungu aliyezoea kunywa kahawa pale akaisoma beji, akanitazama, akaisoma tena.

"Hilo ni jina langu," akasema, kama vile nimevaa koti lake.

Tangu siku hiyo, kila akija ananipa somo. Eti ni jina la kazi: zamani huko Uingereza wazee wake walitengeneza mishale, wakaitia manyoya ya bata bukini ili iruke sawasawa. Eti hata neno lenyewe asili yake si Kiingereza, lililetwa na watawala waliosema Kifaransa. Loh! Yaani hata wao waliazima? Nikawa namsikiliza huku nagawa funguo za vyumba, kichwa kinaniuma.

Aliposikia mke wangu ni mjamzito, akaacha habari za mishale. Akaniambia yeye alizaa mabinti watupu, wote wameolewa, wote wamechukua majina ya waume. Hana kaka, hana mpwa wa kulibeba.

"Mkipata wa kiume," akauliza, "ataliendeleza?"

Nikababaika. Kwetu jina la mtoto lingefuatiwa na langu, kisha la baba yangu, na hapo babu anadondoka. Sikuwa nimelifikiria hilo hata siku moja. Kumbe jina lilikuwa linafia mikononi mwangu na mwake kwa pamoja! Iliniuma, na sikujua kwa nini iniume, kitu chenyewe ni cha mpima ardhi.

Agosti akatualika kwenye mkutano wa ukoo wao, bustani moja huko Woodbury. Mke wangu akapika sinia la pilau, akajitanda kitenge chake kizuri. Sasa, kwetu mwenye jina la babu ni babu, na babu na mke wa mjukuu ni watani, huitana mume na mke kwa mzaha. Mke wangu alipomwona mzee akasimama katikati ya watu wote, tumbo mbele, akapaza sauti kwa Kiingereza chake safi: "Mume wangu! Umeniacha na mimba hii unakuja kula nyama peke yako?"

Haki ya Mungu, hata watoto waliacha kucheza. Mke wa mzee aliweka sahani yake chini polepole. Mimi nikaanza kueleza utani, nikaeleza mpaka nikapotea mwenyewe, na mke wangu anacheka tu.

Mzee akanivuta pembeni. Nikajua leo nagombezwa. Badala yake akaniuliza kwa sauti ya chini. "Niambie ukweli. Watu wangu waliwamiliki watu wako?"

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa kwamba anawaza watumwa waliobandikwa majina ya mabwana zao, nikamweleza mvua, mpima ardhi na uchungu wa mama yake babu. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Kisha akashusha pumzi, lakini uso haukukunjuka. "Kwa hiyo sisi si kitu kimoja," akasema.  Si kitu kimoja, ni kweli, na mbona nilitamani kukataa?

Uchungu ulimshika mke wangu asubuhi ya theluji ya kwanza. Gari letu likagoma kuwaka. Teksi hazipokei simu. Ndugu wa Kitanzania tuliowategemea walikuwa Eagan, wamezibwa na theluji. Nikampigia mzee kwa kukosa pa kushika. Akaja na lori lake dogo kuukuu, akatuendesha taratibu, mikono imekamata usukani, mke wangu akimtukana "mume wangu mzembe" kila uchungu ulipokaza. Safari hiyo mzee alicheka.

Tukapata mtoto wa kike. Nesi akauliza tumwandike jina gani la mwisho. Nikaanza tena kubabaika, langu, la baba, la babu. Mke wangu akanikatiza kutoka kitandani.

"La mwisho weka la baba yako, ndivyo kwetu. Wewe niulize la kwanza. Leo nani amekuja?"

 Mgeni, katika hali mbaya ya hewa, siku ya kuzaliwa mtoto. Jamani, hata mimi niliyesoma nilikuwa sijaona.

Mzee alikuwa kwenye korido, viatu vinachuruzika maji ya theluji, amekumbatia mkoba wa mke wangu. Nikamwambia mtoto anaitwa jina lake. Uso ukamng'aa, halafu ukazimika.

"Lakini ni msichana," akasema. "Akiolewa litapotea."

"Mzee, nimempa la kwanza. Mwanamke wa kwetu hata akiolewa haachi jina lake. Atazeeka nalo."

Akatafuta kiti, akakaa. Akaniomba niseme tena, polepole.