Siku Niliyotangaza Moto Ziwani

Nianze kwa kukubali tu, kwa sababu video yenyewe imeshazunguka chuo kizima na wengine wenu mmeiona: yule kijana mwenye koti la suti anayekimbia ufukweni akiwa na ndevu ambazo asubuhi hakuwa nazo ni mimi, na zile ndevu ni wadudu. Bado naona haya mpaka leo nikipita kantini. Lakini video haionyeshi mambo yalivyoanza, na yalianza na mafuta ya kujipaka.

Kikundi chetu kilikuwa cha watu watatu. Kulwa, mtoto wa Kisesa, alishika kamera. Koku, dada wa Kihaya, alishika maiki, na ndiye aliyekuwa na akili kwa niaba yetu sote. Mimi Festo nikawa mtangazaji kwa sababu nina sauti (na kwa sababu kamera nilishawahi kuishika, ikaanguka). Tulitakiwa kutengeneza filamu fupi ya maisha halisi ya watu. Ya kwanza tuliyopeleka, ya mafundi wa Nyakato, mwalimu aliitazama mpaka mwisho akasema inasinzisha, na kwamba tukileta nyingine inayosinzisha tutarudia somo wote watatu. Tukachagua kina mama wanaoanika dagaa kwenye mwalo mmoja, pale ufukweni boti za wavuvi zinapoegeshwa, nje kidogo ya mji, na mimi nikajiapiza kwamba safari hii hakuna atakayesinzia.

Kwa hiyo asubuhi ile, chumbani kwangu Igoma, nikaamua ning'ae. Nikajipaka mafuta ya mgando usoni, nikashuka shingoni, nikajitazama kwenye kioo, nikaongeza. Koku aliponiona akasema nafanana na kitumbua kilichotoka kwenye kikaango sasa hivi. Nikamwambia hajui mambo ya kamera.

Tulipofika tukakuta kina mama wako kwenye mkutano wao, huko juu kwenye banda la bati, nyuma ya maghala, mahali ambapo ziwa halionekani. Tukamwamkia mwenyekiti wa mwalo, akaturuhusu kurekodi, na Koku na Kulwa wakabaki pale. Mimi nikashuka ufukweni kufanya mazoezi ya maneno yangu ya kufungulia filamu.

Sasa lazima mjue kwamba nimezaliwa Mafinga, kwenye mashamba ya miti. Kwetu moshi ukionekana juu ya msitu, wa kwanza kuuona anapiga kelele, na watu wanaacha jembe, wanaacha chungu jikoni, wanakimbilia moto, maswali baadaye. Nimelelewa hivyo. Ziwa lenyewe nilikuwa nalijua kwa kulipita tu kwenye gari.

Nikasimama juu ya jiwe, nikatazama maji, nikauona moshi. Ulikuwa mbali, unatoka katikati ya ziwa, wa rangi ya kahawia iliyoiva, unapanda wima mpaka unaingia mawinguni, na huko juu unajikunja na kujikunjua taratibu kama kitu kinachopumua. Chini yake maji yametulia, yanameta. Jamani, sijawahi kuona kitu kikubwa namna ile kikiwa kimya namna ile. Nikajiambia kinachoweza kutoa moshi kama ule majini ni chombo, tena chombo chenye watu.

(Pembeni yangu alikuwepo baba mmoja anashona nyavu. Alikuwa ameelekea ziwani kabisa, anaona ninachoona, na wala hakuacha kushona. Ningeweza kumuuliza. Lakini nikaamua kwamba huyu baba macho yake yana matatizo.)

Nikapanda mteremko mbio kurudi bandani, koti linapepea, nikaingia katikati ya mkutano wa watu na kwa ile sauti niliyochaguliwa kwa ajili yake nikasema, "Boti inaungua ziwani."

Mama mmoja aliyekaa mbele, Mama Minza, ambaye Koku alikuwa amemwekea maiki tayari kwa mahojiano, aliinuka kabla sijafunga mdomo. Binti yake alikuwa ameondoka alfajiri ile na boti ya visiwani, amembeba mtoto mchanga, anarudi kwa mumewe. Hayo sikuyajua. Nilichoona ni mama mzima anateremka mteremko bila viatu, kitenge mkononi, na nyuma yake banda zima, mwenyekiti na makaratasi yake, Koku na maiki yake, Kulwa akikimbia huku anarekodi. Na mimi mbele yao, nawaonyesha njia.

Tukafika. Kulikuwa na minara mitatu ya moshi sasa. Ilikuwa imesimama juu ya ziwa kama nguzo za nyumba ambayo paa lake hatulioni, mmoja umeinama kidogo upande wetu. Nikanyoosha mkono nikasema ile pale, zinaungua tatu.

Mama Minza alitazama, akatazama tena, akakaa chini mchangani kama mtu aliyekatwa miguu. Mwenyekiti ndiye aliyekuja kunishika bega, kwa upole ambao uliniumiza kuliko kofi, akaniambia, "Kijana wangu, wale ni wadudu. Wanatoka majini, wanaruka pamoja."

Watu wakaanza kucheka, mmoja mmoja, kisha wote, cheko la watu walioponea chupuchupu. Mimi sikuamini. Nikabisha, mbele ya kamera, kwamba wadudu hawawezi kuwa wengi kiasi kile, hakuna wadudu wengi kiasi kile duniani. Nilikuwa bado nabisha upepo ulipogeuka.

Wenyeji walijua la kufanya. Kina mama walijifunika khanga, wanaume wakavuta mashati usoni, wakageuka na kuondoka. Mimi nikabaki nimesimama, mdomo wazi, kwa sababu ule mnara ulikuwa unakuja, na kadiri ulivyokuja nilianza kuona kwamba kweli ni viumbe, wadogo kuliko mbu, kila mmoja na mbawa zake, wasiohesabika, na jua likafifia kana kwamba mtu amelivuta pazia, na ikaja sauti laini kama mvua inayonyesha kijiji cha jirani. Nilitaka kusema kitu. Nikafungua mdomo zaidi, wakaingia.

Na yale mafuta, jamani. Kila aliyenigusa hakuondoka. Walinivaa mashavu, kope, shingo mpaka ndani ya kola. Nikakimbia bila kuona, nikajikwaa, nikaanguka katikati ya dagaa walioanikwa vizuri kwenye nyavu, nikatoka hapo nina magamba pia.

Mkono ukanishika koti, ukanivuta chini, nikafunikwa kitenge. Alikuwa Mama Minza. Tukakaa pale tumechuchumaa, wadudu wakinyesha juu ya kitambaa. Kisha akasema polepole, "Mwanangu nilishamzika. Pale kwenye mteremko, nikiwa nakimbia, nilishamzika na mtoto wake."

Nikamwambia, "Nisamehe, mama."

Akanifuta macho kwa pindo la kitenge, kwa nguvu, kama unavyomfuta mtoto kamasi. "Ningefurahi ungekuwa unadanganya," akasema. "Lakini ulipoingia bandani ulikuwa unalia kweli, ndiyo maana nikakuamini."

Sikuwa nimejua kwamba nilikuwa nalia.

Kulwa, kwa kweli, hakuzima kamera hata sekunde moja. Siku ya kuonyesha kazi, darasa lilicheka mpaka watu wakapiga meza: nikitangaza, nikibisha, nikianguka. Lakini mwishoni Kulwa alikuwa amebakiza ile minara mitatu, bila maneno yangu, bila muziki, ziwa tu na vile vitu vinavyopumua juu yake, na darasa likanyamaza kabisa. Mwalimu aliomba tuionyeshe tena. Hatukurudia somo.

Baadaye nilirudi mwaloni na Koku kumwomba Mama Minza radhi vizuri, bila kitenge. Nikamkuta ameketi na binti mmoja aliyekuja kutoka visiwani, akimnyonyesha mtoto. Nikamwamkia mama shikamoo, akaitikia marahaba, na yule binti akanitazama juu mpaka chini bila kutabasamu.

"Ndiwe uliyeniunguza?" akauliza.

Nikasema ndimi. Akamtoa mtoto ziwani, samahani, namaanisha titini (nikikumbuka bado nachanganya maneno), akaniwekea mikononi, akaenda kutafuta viti. Mtoto alikuwa amesinzia, mzito, wa moto, ananuka maziwa, na nilimshika kwa woga ambao kamera sijawahi kuishikia. Nikaapa pale pale, kimoyomoyo nisimwamshe: kabla sijamwambia mtu yeyote kwamba ndugu yake yuko hatarini, nitamuuliza kwanza aliye karibu nami ni kitu gani kile ninachokiona.