Mama Juu na Pingu za Njano

Mimi ndiye mtunza stoo wa kiwanda chetu cha thina, ile ya kuchanganyia rangi, na kwa kuwa aibu ya kisa hiki ni yangu, afadhali nikisimulie mwenyewe kabla wengine hawajakitia chumvi.

Mwendesha kreni wetu ni mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mfupi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Tunamwita Mama Juu. Amekaa miaka ishirini na miwili katika kile kibanda cha kioo kinachoning'inia chini ya paa, akihamisha pampu, mapipa na vifuniko vya matangi, na sijamwona akimwaga hata tone. Hata nyumbani kwake huwezi kutua sufuria mezani hivi hivi. Atainua kiganja akuelekeze: shusha, shusha taratibu, kushoto kidogo, hapo hapo. Mumewe ni fundi saa, mpole kupindukia, na ameshazoea. Anashusha.

Siku moja ikaja barua. Kila anayeendesha kreni mahali penye mvuke unaoshika moto atapimwa na mkaguzi, kwa vitendo na kwa mdomo. Ataje vifaa vyote kwa majina ya orodha moja iliyochapwa, ili watu wa kiwanda hiki na kile waelewane. Atakayeshindwa anashuka kwenye kreni.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana Mama Juu alikuwa na majina yake mwenyewe. Kulabu alikuwa akiiita Bwana Mkubwa. Ile swichi ya kikomo, inayozuia kulabu isipande kupita kiasi, aliiita Mchoyo.

"Wakinishusha nitakwenda wapi, Stoo?" aliniambia. "Nikafagie getini?"

Alicheka, lakini chai yake aliiacha ipoe kikombeni. Moyo uliniuma, nawaambia ukweli.

Aliyemwokoa ni Shangazi, mpika chai wetu. Shangazi anasoma vizuri kuliko mameneja wawili ninaowajua. Akaichukua ile orodha, akainakili kwenye daftari kubwa, na kila saa nne asubuhi akawa anamhoji Mama Juu mbele ya birika. Utaratibu wake ulikuwa mmoja, hauna mchezo: jina la kifaa, kazi yake, na mahali kisipoingia. Usipotaja vyote vitatu, hupewi chai.

"Pingu ya chuma!" Shangazi angesema.

Pingu ya kwetu si ile ya polisi. Ni pete nene yenye mdomo wazi unaofungwa kwa pini, ndiyo inayoshikanisha mzigo na mnyororo wa kreni.

"Pingu ya chuma. Kufunga mzigo. Haiingii bandani," Mama Juu angejibu.

Haiingii kwa sababu hewa ya banda la matangi imejaa mvuke wa thina. Chuma kikigonga chuma kikatoa cheche moja tu, sote tunaondoka duniani bila kuaga. Ndani ya banda tunatumia za shaba, ambazo hazitoi cheche. Chuma kinabaki uani. Kuzijua ni rahisi: shaba ina wekundu, chuma ni cheupe.

Wiki tatu kantini nzima ilikariri. Walinzi walikariri, karani wa mishahara alikariri. Mimi peke yangu nilijitia najua. Miaka kumi na moja stoo, nihojiwe na mpika chai? Nilikuwa nakuja na chupa yangu ya chai kutoka nyumbani.

Sasa sikilizeni kiherehere changu. Jana yake kabla ya mkaguzi kuja, nikaitazama stoo nikaona imechakaa, nikataka Mama Juu asiaibike mbele ya mgeni. Nikachukua kopo la rangi ya njano, nikapaka pingu zote, za shaba na za chuma, zikang'aa. Zilipokauka nikazipanga upya kwa ukubwa, ndogo kushoto, kubwa kulia. Nikarudi nyumbani napiga mluzi.

Mkaguzi alikuwa kijana mrefu, mwenye saa ya kupimia muda shingoni. Maswali ya mdomo Mama Juu aliyamaliza kama anahesabu vidole vyake. Likabaki la vitendo: kunyanyua pampu uani, kuipitisha mlango mkubwa hadi ndani ya banda, na kuitua kwenye duara la chaki. Dakika tisa, basi.

Mfunga mzigo akaja dirishani kwangu. "Stoo, nipe pingu ya bandani, ya kati."

Nikamkabidhi moja, inang'aa, na tabasamu juu. Akaikaza, akainua kidole gumba. Pampu ikaondoka chini polepole, ikaanza kuelekea mlangoni bila kuyumba. Mkaguzi akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Shangazi alikuwa anapita na sinia la vikombe vya wageni. Akatazama juu. Akasimama. Kisha akapiga ukelele ambao sikujua anao:

"Simama!"

Pampu ikasimama palepale, hatua nne kabla ya mlango.

"Nani kasema simama?" Mkaguzi aligeuka. "Endelea, mama! Muda unakwenda!"

Mama Juu hakugusa kitu. Alikuwa ameondoa mikono kwenye vishikio, ameiinua tuione. Kwetu amri ya kunyanyua na kushusha hutoka kwa mtu mmoja tu, mpiga ishara. Ya kusimama hutoka kwa yeyote. Mkaguzi akarudia, akaonyesha saa. Mama Juu akatikisa kichwa. Dakika ya tisa ikapita, pampu inaning'inia, na mimi nikaona miaka ishirini na miwili inakwenda na maji.

"Shangazi, kuna nini?" mpiga ishara aliuliza.

"Pale pini ilipokwaruza rangi," alisema, sinia likiwa bado mikononi. "Ndani ni peupe. Pingu ya chuma. Kufunga mzigo. Haiingii bandani."

Pampu ikashushwa palepale uani, mkaguzi akainama, akakwangua kwa ukucha. Peupe kabisa. Kisha akapaza sauti kuelekea kibandani.

"Mama, wewe uliiona hiyo pingu?"

"Sikuiona."

"Sasa mbona ulisimama?"

"Nimeambiwa simama."

"Na mpika chai?"

"Hata angekuwa mtu aliyepotea njia akiulizia posta, ningesimama kwanza, tungeulizana baadaye."

Mkaguzi akaitazama saa yake, akaivua shingoni, akaitia mfukoni. Akaandika mstari mmoja kwenye karatasi, akampa meneja. Meneja akasoma kwa sauti: abaki juu.

Uwanja mzima ulilipuka kwa vifijo. Mimi nilinywea. Nikajitokeza nikasema mbele ya wote kwamba rangi ni yangu, mpangilio ni wangu, na niliyempa mfunga mzigo ile pingu ni mimi. Mkaguzi akaniambia nizikwangue zote kwa msasa, moja moja, kabla kreni haijanyanyua kitu kingine.

Mama Juu alishuka ngazi taratibu. Alinijia moja kwa moja. Nikajiandaa kwa kofi, na ningelipokea.

"Stoo," alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Pingu ya chuma?"

"Kufunga mzigo."

"Na?"

Nilitazama ule mlango wa banda. Ndani walikuwamo wenzetu sita, wanafunga vifuniko vya matangi, hawajui lolote, mmoja wao anaimba.

"Haiingii bandani," nikasema, na machozi yakanitoka bila kuniuliza.

Akanishika bega, akamgeukia Shangazi.

"Mpe chai huyu."